Mwenye Shughuli Aje Aonje

Watu wa Garsen wakikusimulia habari zake siku hizi watakuambia alikuwa na mkono wa pilau. Usiwaamini. Pilau yake ilikuwa nzuri, lakini si ya kumfanya mtu asahau njia ya nyumbani, na mara nyingine bizari ilizidi. Tunamsifia pilau kwa sababu pilau ni rahisi kuisifia, na ukishamsifia mtu mapishi yake, hakuna atakayekuuliza ulimfanyia nini. Mimi nilikuwa jirani yake, kwa hiyo sina pa kujificha.

Nitamwita Mpishi, kama tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo. Jina lake nalijua, ila naona haya kulitia mdomoni. Nyumba yake na ya baba yangu zilitenganishwa na ua wa fito uliooza katikati, kuku wake wakipita kwetu na beberu wa baba akipita kwake. Mimi ni fundi wa pampu za maji, kazi ya kuzunguka mashambani kando ya mto, na kila nikirudi jioni nilimkuta amekaa nje ya mlango wake anachagua mchele, anatafuna tambuu, anamtukana mtu.

Alitoka Kipini, kule mto unakoingia baharini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko: mchele kwake ni mtele, mchuzi ni mtuzi, njoo ni ndoo. Sisi Wapokomo wa mashambani, na Waorma wa malishoni, Kiswahili tulikivaa kama viatu vya kuazima. Basi yeye alipofungua kinywa tulinyamaza tumsikilize, hata akiwa anatutukana sisi. Alisali sala zote tano, na katikati ya sala na sala ulimi haukupumzika. Vijana wa kumenya viazi walimwogopa kuliko chifu. "Viazi hivi mwamenya ama mwachonga miko?" aliwauliza. "Toeni mato kwa wasichana, tieni kwenye kisu!"

Kwa kuwa hakuwa mkulima wala mfugaji, shughuli za pande zote mbili zilikuwa zake. Alipika matanga ya Wapokomo na harusi za Waorma wa upande wa Minjila. Alipika sherehe za kanisani, na huko wazee wa kanisa, baba yangu akiwemo, walihakikisha mnyama amechinjwa na Mwislamu ili kila jirani aweze kukaa na kula. Alikuwa na masufuria mawili makubwa aliyokuja nayo kwa lori. Kubwa aliliita Bwana na dogo aliliita Bibi, kwa sababu, alisema, Bibi ndiye anayewahi kuiva. Masufuria hayo yalipoonekana yamepakiwa kwenye mkokoteni, mji mzima ulijua kuna jambo, na mbwa waliyafuata.

Hakupima mchele kwa kikombe wala kibaba. Aliumimina huku amegeuza sikio, akaacha anapotaka. Kuni mbichi alizitupa nje ya uwanja mbele ya aliyezileta. Na hakuonja. Hilo ndilo lililowashangaza wageni: mpishi wa watu mia kadhaa asiyetia kijiko mdomoni tangu asubuhi. Chumvi aliijua kwa kunusa mvuke, au ndivyo alivyodai. Chakula kikishaiva alikifunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, akasimama na mwiko begani na kuita, "Mwenye shughuli aje aonje!"

Mwenye shughuli ilibidi aje. Hata awe amevaa suti ya kwanza maishani mwake, hata wageni wawe wameketi tangu asubuhi wanamezea mate, ilibidi aingie jikoni kwenye moshi. Mpishi aliinua ukingo wa mfuniko kidogo, akachota wali na kipande cha nyama, akamwekea kiganjani. Mtu akatafuna, akameza, akasema, "Ni changu." Hapo ndipo sufuria lilifunuliwa watu wakala. Wengine walisema kwa kunong'ona, kwa haya au kwa dharau, naye aliweka mkono sikioni. "Sikusikia," alisema. "Sema hata wa nje wasikie." Basi bwana harusi mzima angepaza sauti jikoni kama mtoto wa chekechea, "Ni changu!" na wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimuuliza siku moja sababu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini moto unachoma. "Chakula kisicho na mwenyewe hakina wa kukitetea," alisema. "Chumvi ikizidi mtasema Mpishi. Ikipungua, Mpishi. Nyama ikiwa ya haramu, Mpishi. Basi na awepo mtu wa kusema hiki ni changu, na aibu yake ni yangu."

Kwenye matanga fulani kule Hewani alitufanya tungoje hadi jua likapinda. Mfiwa alikuwa amefiwa na mkewe, hakuwa amekula wala kusema na mtu, amejilaza nyuma ya nyumba. Watu walimwambia Mpishi amwache, kaka yake ataonja kwa niaba yake. Akakataa. Tulimlaani kimoyomoyo, njaa haina heshima. Akaenda yeye mwenyewe nyuma ya nyumba na kiganja cha wali, akakaa mchangani kando ya yule bwana. Hatujui walisema nini. Alirudi naye amemshika mkono, na yule bwana akasimama mlangoni pa jikoni akasema, "Ni changu," kwa sauti iliyopasuka, kisha akala sahani nzima. Baadaye tulijifanya tulijua tangu mwanzo kwamba ndivyo inavyopaswa.

Mara nyingine alimfanyia hivyo mkubwa. Mheshimiwa mmoja alikuja kujitafutia kura, akatoa fahali, akajigamba kwenye kipaza sauti kwamba amewaletea watu wake nyama. Sufuria likaiva. Mpishi akaita mwenye shughuli, mheshimiwa akajitokeza na miwani yake. Mpishi hakumtazama hata. Akageukia kundi la Waorma waliosimama mbali, akamwonyesha kwa mwiko mzee mmoja mwembamba. "Wewe, ndoo uonje kwanza." Yule mzee akaja polepole. Mpishi akamuuliza ng'ombe ni wa nani.

"Ng'ombe ni yangu," mzee akasema. "Pesa badu."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mheshimiwa akacheka pia, maana angefanya nini, akatoa pochi palepale, kisha akaonja. Kisa hicho kilizunguka hadi Bangale. Nakisimulia kwa sababu nadhani ndicho kilichompotosha. Kilimfundisha kwamba mtu mwenye nguvu, ukimsimamisha mbele ya chakula na mwenye mali yake, atashikwa na haya. Mbele ya yule mheshimiwa ilikuwa kweli.

Usidhani alikuwa mwema kila upande. Alikuwa mchoyo wa elimu yake, hakumfundisha mtu, na msichana akimkaribia wakati wa kutia viungo alimtuma maji. Aliweza kumnunia mtu kwa sababu ya kijiko kilichopotea, akakaa mwaka bila kumsalimia. Lakini ujira wake mkubwa, zaidi ya pesa, ulikuwa ukoko, lile tabaka la wali lililoshika chini ya sufuria. Aliukwangua, akaubeba nyumbani kwenye beseni, na asubuhi yake watoto wote wa mtaa walikuwa mlangoni kwake. Binti yangu wakati ule alikuwa mdogo, na nadhani alijifunza kupanga foleni pale kabla ya shuleni.

Na baba yangu alikuwa rafiki yake. Walizoea kugombana juu ya ua, na hata mimi nilichelewa kujua kwamba ule ndio ulikuwa urafiki wao. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa shati jeupe na maneno machache, na alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni yule beberu: mweupe, na doa la kahawia limezunguka jicho moja kama miwani iliyovunjika. Mtaa mzima ulimjua. Aliingia madukani akala katoni, aliwahi kula matangazo ya kanisa yakiwa bado yamebandikwa. Mpishi alimfukuza kwa mwiko kila siku. "Beberu wako huyu nitampika akiwa hai!" alipiga kelele. Baba alijibu bila kuinua kichwa, "Mngoje. Huyo ni wa harusi ya mjukuu wangu. Siku hiyo nitaonja sahani nzima, na nitasema ni changu mpaka usikie Kipini."

Kisha mapigano yakaja. Mwaka wake siutaji; wa hapa wanaujua, na wa nje hautawasaidia kitu. Ng'ombe waliingia mashambani kutafuta njia ya kufika mtoni, mashamba yakalipwa kwa mikuki, mikuki ikalipwa kwa moto. Vijiji vya wakulima vikachomwa, manyatta za wafugaji zikachomwa. Watu wakakimbilia Garsen na magodoro vichwani, wakalala kwenye baraza za maduka, Mpokomo upande huu wa barabara na Mworma upande ule. Mpishi alipikia wote uji, akivuka barabara na ndoo. Nilimwona akirushiwa maneno na pande zote mbili, naye akiyarudisha yote, na nyongeza.

Askari walipoletwa tuliwapigia makofi. Hilo nalikumbuka vizuri, tulitoka barabarani tukapunga mikono. Walikuja kwa malori, vijana kutoka mbali, hatukujua ni wa kikosi gani. Wakapiga kambi kwenye uwanja wa mpira. Siku za kwanza walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha. Waliuliza, "Kuna silaha?" wakainua godoro watazame chini yake, kisha wakaondoka na godoro. Walitafuta silaha kwenye kabati la vyombo. Walitafuta silaha kwenye banda la kuku. Duka la kona lilipekuliwa, mitungi ya mafuta ya kupikia ikaonekana ni ya hatari, ikachukuliwa. Paneli za sola zilishuka mapaani. Mama yangu alivaa kanga zake zote kwa pamoja na kutembea nazo katika lile joto. Watu walizika redio mchangani, wakasahau walikozika.

Mwenye duka mmoja alikwenda kambini kudai godoro lake. Walimweka kwenye lori, wakazunguka naye, wakamrudisha jioni akiwa hawezi kukanyagia mguu wa kushoto. Baada ya hapo kila kitu kilichochukuliwa kilikuwa hakina mwenyewe. Ukimwuliza mtu, "Si lile lori limebeba baiskeli yako?" atakuambia hajawahi kuwa na baiskeli.

Asubuhi moja walitukusanya wanaume wote uwanjani kwa ajili ya ukaguzi. Tulikaa chini mchangani, mikono juu ya magoti, Wapokomo na Waorma tumechanganywa kwa mara ya kwanza tangu moto uanze. Walikuwa wamekwisha kupita mitaani tangu alfajiri wakikusanya mbuzi, na walikuwa wamemleta Mpishi pamoja na Bwana na Bibi. Alipika mbele yetu. Ngozi za mbuzi walizitundika kwenye mti wa goli zikauke. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, na juu yake, mahali palipokuwa uso, palikuwa na doa la kahawia.

Baba alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona shingo yake ikikaza, kisha ikalegea. Hakugeuka.

Nyama ikaiva. Mpishi akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Afande wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akaja na sahani.

"Haya mama, fungua. Vijana wako na njaa."

"Bado," Mpishi akasema. "Chakula changu hakifunuliwi kabla ya mwenyewe kuonja. Ndivyo nipikavyo, waulize hawa."

"Mwenyewe ni mimi."

"Wewe ni mgeni, baba. Mgeni hula baadaye, na hula vizuri. Mimi namtaka mwenye mbuzi."

Askari walicheka. Afande naye akacheka, na nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba labda litakuwa kama la mheshimiwa. Mpishi alidhani hivyo pia. Ilikuwa usoni mwake: alikuwa na hakika kwamba mtu mmoja akisimama tu na kusema "ni changu," yule afande atainamisha macho. Afande akatugeukia. "Mmesikia mama yenu. Mwenye mbuzi asimame aonje."

Hakuna aliyesimama. Tulisikia mafuta yakichemka ndani ya sufuria. Mpishi akatutazama mstari kwa mstari, na macho yake yakamfikia baba, yakakaa hapo. Hakumtaja. Alimtazama tu, kisha akatazama goli, kisha akamtazama tena. Afande akafuata macho yake.

"Wewe mzee. Hiyo nyeupe ni yako?"

"Hapana, afande," baba akasema. "Mimi sina mbuzi."

"Hujui ni ya nani?"

"Sijapata kumwona."

Mworma mmoja aliyekaa kando yake, ambaye mbuzi wake walijulikana kwa alama ya sikio na masikio hayo yalikuwa palepale golini, akasema kabla ya kuulizwa, "Hata mimi hapana jua hii." Wa tatu akatikisa kichwa. Wa nne. Ilizunguka uwanja mzima hivyo, Wapokomo na Waorma. Wazee wa amani walikuwa wameshindwa kwa miezi kutupatanisha, na pale tulipatana bila kikao. Mimi hawakuniuliza. Wangeniuliza ningesema alichosema baba, nami sikumlaumu kwa woga wake wala sitamlaumu. Ni yaliyofuata ndiyo ninayoyaonea haya.

"Sasa unaona," afande akamwambia Mpishi, bado kwa upole. "Hawana mwenyewe. Fungua."

"Basi ni mzoga," Mpishi akasema, na akaweka mkono wake juu ya mfuniko kuuzuia.

Juu ya mfuniko kulikuwa na makaa. Sijui kama alisahau au alikusudia. Askari mmoja akaupiga mfuniko teke, ukaruka na makaa yake, na mkono wa kulia wa Mpishi ukaenda nao. Hakulia. Alisema neno moja la Kipini ambalo sitaliandika.

Walikula mpaka wakatosheka. Kisha afande, kwa kuwa alikuwa amefurahi, akaamuru raia nao wagawiwe kilichobaki. Tulikuwa na njaa ya siku nyingi. Sahani zikapita. Tulikula. Baba alipewa kipande cha bega, akakishika kwa mikono miwili, akala, macho yake mchangani, akamaliza. Mpishi alikuwa amekaa chini ya goli, mkono ameutia kwenye ndoo ya maji, anatutazama tukitafuna. Ukoko siku hiyo hakuukwangua.

Malori yalipoondoka, wiki chache baadaye, yaliondoka na Bwana na Bibi juu ya magodoro. Mpishi alisimama katikati ya barabara na mwiko mkono wa kushoto, akiita ni changu, ni changu, mpaka vumbi likatua. Sisi tulikuwa milangoni.

Ungetarajia tungemchangia masufuria mapya. Haikuwa hivyo. Watu walikuja kuuliza maswali, wazee wa amani, watu wa mashirika, wakitaka kujua nani alishirikiana na askari, na mji uliokuwa na mdomo mzito ukapata neno moja jepesi: Mpishi. Si ndiye aliyewapikia? Si kila mtu alimwona? Baba alisimama kwenye kikao, na shati lake jeupe, akasema kwamba yule mama aliwapikia kwa hiari yake, na kwamba alitaka kuwauza watu mbele ya afande. Waorma wakaafiki. Ilikuwa rahisi. Ukishamwona mtu amekuona ukila nyama ya mbuzi uliyemkana, huwezi tena kumwita jikoni kwako aje akuulize chakula ni cha nani.

Hakuna aliyempangia njama. Ilitokea tu kwamba harusi iliyofuata waliita mpishi kutoka Malindi, na matanga yaliyofuata pia. Ua wa fito ukajengwa upya, wa mabati. Aliuza nyumba, akahamia Minjila, pale njia panda, akawa anakaanga viazi karai na mahamri kwa abiria wa mabasi ya Lamu, watu wasiomjua. Alikaangia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjamana, vidole viwili haviachani. Nilipita pale mara nyingi na pikipiki yangu ya kazi. Nilijifunza kutazama upande wa kituo cha mafuta.

Mwaka huu binti yangu akachumbiwa. Tulikaa sebuleni tukipanga, mjomba wake akataja mpishi wa Malindi na bei yake. Binti yangu akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Kwani yule wetu wa ukoko alikufa?"

"Hajafa," mama akasema.

"Si ako tu hapo Minjila? Mbona mnaenda Malindi? Mi namtaka huyo."

Msichana akatutazama mmoja mmoja, hajui amekanyaga nini, maana hatukuwahi kumwambia. Baba alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Amezeeka sana sasa, shati jeupe linampwaya, na tangu mwaka ule hakufuga mbuzi mwingine mpaka mjukuu wake huyu alipoposwa. Alikuwa amenunua beberu mmoja, mweusi, akamfunga nyuma ya nyumba.

"Mwiteni," baba akasema.

Nilikwenda mimi. Mpishi alikuwa anageuza mahamri, hakuonyesha kushangaa. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamweleza harusi, siku, wageni. Masufuria tutakodi, nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, nilipofika yakawa makubwa kuliko mdomo, nikaishia kusema habari za kuni.

"Mbuzi ni wa nani?" akauliza.

"Wa baba."

Akatoa mahamri kwenye mafuta, moja moja. "Baba yako yu hai bado?"

"Yu hai."

"Na mdomo wake wafanya kazi?"

Akafuta mkono kwenye leso. "Nitakuja," akasema. "Mwambie nitakuja, na mambo yangu ni yaleyale."

Nilimwambia baba. Hakulala vizuri siku zile. Nilimsikia akitembea, na mara moja nikamkuta amesimama kwa yule beberu mweusi, amemshika sikio.

Siku ya harusi Mpishi alifika na mwiko wake mwenyewe. Aliwatukana wamenya viazi, akatupa kuni mbichi, akageuza sikio akimimina mchele, yote kwa mkono wa kushoto. Wazee wa mtaa, wale wale wa uwanjani, walikaa chini ya hema wakizungumza kwa sauti kubwa kuhusu mvua. Mwendesha sherehe aliwaomba wageni wawe na subira. Kisha harufu ikatoka, makaa yakapaliwa, na tukamsikia.

"Mwenye shughuli aje aonje!"

Kwa haki ilikuwa zamu yangu, mimi ndiye baba wa bibi harusi. Nilikwisha kunyanyuka. Baba akanishika mkono akaniketisha, akaenda yeye, na fimbo yake, kwenye moshi. Nikamfuata kwa nyuma mpaka mlangoni. Wanawake waliacha kukata vitunguu.

Mpishi alimtazama muda. Kisha akainua ukingo wa mfuniko, akachota, akamwekea kiganjani. Baba akatia mdomoni. Alitafuna polepole, meno hana ya kutosha. Akameza. Mpishi akangoja.

"Ni changu," baba akasema. Midomo ikaendelea kutikisika, tukajua hajamaliza. "Na yule mweupe alikuwa wangu."

Alilisema chini kabisa, ndani ya shati. Mpishi akaweka ule mkono uliokunjamana nyuma ya sikio.

"Sikusikia."

Baba akageuka kidogo kuelekea hema. Nyuma ya turubai wazee walikuwa wamenyamaza, hata habari za mvua zilikuwa zimekwisha. Nilitamani kumwambia basi, inatosha, ameelewa. Nilitamani harusi iishe. Baba akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kwa ile sauti aliyoitumia zamani kusoma kanisani akasema, "Yule beberu mweupe wa uwanjani alikuwa wangu! Nilimkana, nikamla, na wewe nikakusingizia!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Chini ya hema kiti kimoja kililia, kama mtu anataka kusimama, kisha kikanyamaza. Mpishi akatazama upande ule, akangoja kidogo zaidi kuona kama kuna mwingine anayekuja. Hakuja mtu. Akayakung'uta makaa, akafunua sufuria, akasema watu waletewe sahani.